Simenti na Mtoto Aliyetulia

Mwenzangu mmoja kazini tulimbandika jina la Simenti, naye akalipokea vizuri tu. Mimi na yeye ni mama walezi katika makao ya watoto. Kila mama ana nyumba yake na watoto wake: wengine hawana wazazi, wengine wanao lakini ni heri wasingekuwa nao. Nyumba yake na yangu zinatazamana, na katikati kuna kamba za kuanikia nguo. Kwa hiyo haya ninayoyasema sikusimuliwa. Mengi niliyaona kwa macho yangu, nikiwa nimeng'ata vibanio vya nguo mdomoni.

Jina lilianza siku upepo ulipong'oa bati la jikoni kwake wakati wa chakula. Watoto walipiga kelele, sisi akina mama tukapiga kelele kuwazidi, msimamizi wa makao akaja mbio na kiatu mguu mmoja. Simenti aliinua uso, akaliona anga lote lile, akasema, "Haya, leo hatuwashi taa," akaendelea kupakua. Mtoto wa mwisho alipata sehemu yake sawasawa na wa kwanza. Nani angemwita jina jingine baada ya hapo?

Zamani alikuwa fundi cherehani, anashona sare za shule. Ni kifungua mimba wa mama aliyekuwa mgonjwa, na hupenda kusema kwamba alianza kubeba watoto mgongoni kabla yeye mwenyewe hajashushwa. Aliolewa, akafiwa na mume mapema, akamlea mwanawe mmoja ambaye leo ni fundi wa magari na ana mke wake. Mkwewe alimwomba ahamie kwao akapumzike. Akamjibu, "Mwanangu, mimi nikikaa bure naota kutu," na wiki hiyo hiyo akaja kuomba kazi kwetu. Walimwajiri kufua nguo. Baada ya muda msimamizi akagundua kuwa watoto wanaokojoa kitandani hawafichi tena shuka zao chini ya godoro, wanampelekea mfuaji, kwa kuwa mfuaji haulizi na hatazami mtu usoni. Ndipo akapewa nyumba.

Na akapewa kitu kingine zaidi ya nyumba: akapewa sisi. Mama mlezi akiajiriwa, hata awe na vyeti vya kujaza ukuta, kwanza anapelekwa kwa Simenti kufundwa. Nami nilipita mikononi mwake, na mdomo wangu huu usio na breki. Alinifundisha nisisimame kati ya mtoto mgeni na mlango. Alinifundisha kwamba mtoto aliyewahi kupigwa anaambiwa kwanza unamshika wapi, ndipo unamshika: sasa nakuosha bega, sasa nakuosha mgongo. Nikacheka. Nikamwambia kumwogesha mtoto si kazi ya fundi umeme, mpaka upige hodi kwenye kila waya.

Hakubishana. Aliniketisha kwenye kigoda cha bafuni na nguo zangu mwilini, akaniambia nifumbe macho. Nikafumba. Nikasikia maji yanachuruzika, kisha kimya, kisha kitambaa cha baridi kikanigusa shingoni bila neno. Niliruka na kigoda chote, nikapiga ukelele mpaka watoto wakajazana dirishani. Simenti akanipa taulo, akasema, "Na wewe hujawahi kupigwa." Kila mama wa makao yetu amekalia kile kigoda, na kila mmoja ana ukelele wake. Tukitaka kuchekana huigizana.

Basi huyo ndiye Simenti. Nimemweleza hivi ili mjue kwamba haya hayakumpata mtu mvivu wala mtu katili. Yangempata mtu wa namna hiyo, ningelala usingizi mzuri.

Yule mtoto aliletwa mvua zikianza. Msichana mdogo, meno ya mbele ndiyo kwanza yanaota upya. Alikuwa ameshapita nyumba kadhaa kabla ya kufika kwetu, na kote alirudishwa, kama nguo isiyomtosha mtu. Jina lake halisi silitaji. Ni mali yake. Watoto wenzake walimwita Kiroboto kwa sababu alikuwa anauma. Sisi wakubwa ilitupasa kulikataza jina lile. Hatukukataza, tulicheka, na mimi nilicheka kwa sauti.

Ajabu ya Kiroboto ilikuwa hii: alimganda Simenti tangu siku ya kwanza. Alishika upindo wa gauni lake asubuhi na hakuuachia mpaka jioni. Simenti akipika, yupo. Akifagia, yupo. Akiingia chooni, vidole vinaonekana chini ya mlango. Lakini Simenti akigeuka kumtazama, au akiinama amkumbatie kama mama anavyomkumbatia mtoto, Kiroboto anauma. Alimuuma mikono, alimuuma bega, siku moja alimuuma titi mpaka damu ikatoka. Alikuwa akitema chakula kwenye sahani za wenzake. Alipaka kinyesi kwenye ukuta ambao Simenti alikuwa ametoka kuupaka rangi kwa mkono wake mwenyewe.

Simenti alijikaza kisabuni. Alifanya yote aliyotufundisha sisi. Sauti hakupandisha, mkono hakuinua. Ila nilianza kuona anachelewa kwenye kamba. Nguo zinazoanikwa kwa muda mfupi tu, yeye alizianika mpaka jua likahama upande. Alikunja soksi, akazikunjua, akazikunja. Siku moja aliniambia bila kunitazama, "Mwenzangu, leo naomba nguo hizi zisikauke." Nami nikadhani ni utani, nikamjibu kwa utani.

Sasa nieleze kikao. Mara moja kwa mwezi alikuwa anakuja dada mmoja kutoka ofisi kuu, mwezeshaji, mwenye sauti laini na viatu visivyopiga kelele. Kazi yake ni kutusaidia sisi tunaosaidia watoto. Tulikaa duara ukumbini, watoto wakipelekwa uwanjani kucheza, na mto mmoja wa kochi ukazungushwa. Aliyeushika ndiye anayesema. Wengine husikiliza, hakuna kujibu, hakuna kukosoa, na kilichosemwa hakitoki mlangoni. Ukimaliza unampa jirani. Mto ulikuwa umechakaa pembe zote kwa kufinywa. Wapo waliokuwa wanaukumbatia na kulia. Mimi niliutumia kulalamikia bomba linalovuja. Simenti ukimfikia alikuwa anasema, "Mimi salama," na kuupitisha upesi kama chungu cha moto.

Siku ninayoizungumzia, Kiroboto alikuwa na homa. Hakuweza kwenda uwanjani na wenzake. Pembeni ya ukumbi kuna chumba cha wagonjwa, kidogo, chenye kitanda na beseni. Simenti alimleta amembeba, maana homa ilikuwa imemlegeza hata meno, akamlaza, akamfunika, akatoka. Mlango akauacha nusu wazi ili mtoto akiita amsikie. Tulimwona wote. Hakuna aliyefikiri kwamba mlango unaopitisha sauti ya mtoto kuja kwetu unapitisha na yetu kwenda kwake. Ninyi mnaosoma mmeshajua. Sisi, na mafunzo yetu yote, hatukujua.

Mto ulizunguka, ukamfikia. Simenti hakuupitisha. Aliuweka magotini, akaulaza vizuri kama anayelaza kichanga, na akautazama mpaka mwezeshaji akaacha kutabasamu. Kisha akasema.

"Mimi nina mtoto ambaye simpendi. Nimejaribu kila njia, imeshindikana. Nampikia, namwogesha, namlaza, lakini ndani hakuna kitu. Akinigusa mwili wangu unakataa. Asubuhi nikisikia anaamka, naomba Mungu alale tena. Nimelea wengi, na hili halijawahi kunitokea. Naomba ahamishwe nyumba yangu kabla sijamtendea jambo baya."

Kumbukeni sheria: hakuna kujibu. Kwa hiyo hatukujibu. Mama mmoja alikuwa anafuta machozi. Mwezeshaji akaweka mkono kifuani, akasema kwa ile sauti yake, "Asante kwa kutuamini. Huo ni ujasiri mkubwa." Tukapiga makofi ya chini chini. Ndiyo, tulimpigia makofi. Naliona hilo hadi leo, viganja vyangu hivi, na chumba cha wagonjwa hatua chache tu nyuma ya kiti changu.

Na kusema kweli alistahili yale makofi. Ni afadhali mama aseme kuliko anyamaze mpaka mkono uchomoke. Hilo ndilo tunalofundishwa na ni kweli tupu. Ndiyo maana sijui mpaka leo nimkasirikie nani.

Simenti mwenyewe alimpelekea msimamizi ombi lake, naye akakata shauri: shule zikifungwa, Kiroboto atahamia kwangu. Mimi nilikubali kwa mdomo. Moyoni nilisema maneno ambayo hayaandikiki. Nilitazama mikono yangu isiyo na alama za meno nikaionea huruma mapema.

Halafu mtoto akatulia.

Homa ilipopoa, aliamka mtu mwingine. Hakuuma tena. Hakutema chakula. Alitandika kitanda chake, akaanza kutandika na vya wenzake. Alisema "asante mama" akipewa kikombe, akasema tena akikirudisha. Gauni la Simenti aliliachia kabisa. Simenti akiwa jikoni, mtoto anasimama mlangoni, mikono nyuma, anangoja kutumwa. Wageni wakija anaonyeshwa yeye. Na usafi ndio usiseme: alikuwa anaoga asubuhi, anaoga akitoka shule, anaoga tena kabla ya kula. Sabuni ya nyumba ile ilikwisha upesi, tukacheka. Siku moja Simenti alimkuta anajisugua mikono kwa brashi ya kufulia mpaka ngozi imewiva. Akamnyang'anya brashi, akaleta mafuta ampake. Mtoto akafungua kiganja, akapokea kopo, akajipaka mwenyewe. Simenti akanisimulia kwa fahari, "Amekua yule. Hataki tena kufanywa mtoto."

Tukakubaliana kwamba mafunzo yamefanya kazi. Nani alisema wa kwanza? Sijui, ila nilirudia nami. Simenti akaanza kurudi ndani upesi akimaliza kuanika. Akaanza kuimba. Siku moja alikuja mpaka kwenye mlango wangu, uso umechanua, akanong'ona kama msichana aliyeposwa.

"Mwenzangu, nadhani nimeanza kumpenda. Imekuja yenyewe. Jana alinipangia viatu vyangu vyote, nikamtazama, nikahisi kitu hapa."

"Kitu gani?" nikamuuliza. "Isije ikawa kiungulia."

Alinipiga na kitambaa. Alikwenda kwa msimamizi kumwomba mtoto asihame tena, na msimamizi akakubali. Mimi nikashusha pumzi. Najua aliyeziona pumzi zile ni Mungu peke yake, lakini inatosha.

Simenti akatoa cherehani yake ya zamani, akamshonea gauni lenye mifuko miwili. Alimpima kwa macho tu. Fundi mzuri anaweza.

Yule dada mwezeshaji alifurahi kuliko wote. Kwake Simenti alikuwa ushahidi unaotembea: mama amesema ukweli, ametua mzigo, nafasi ya upendo imepatikana. Akapanga siku ya mafunzo kwa walezi wapya kutoka makao mengine, ukumbi ukajaa, na Simenti akaombwa kuwaeleza wageni njia aliyopita. Akaeleza. Mtoto hakumtaja jina, alikuwa mwangalifu, lakini alieleza vizuri, na walezi wapya walikuwa wanamkodolea macho kama mtume. Nilikaa pembeni nikivimba kichwa kwa niaba yake. Nilimgusa mtu wa kando yangu nikamwambia, "Huyo ni mwalimu wangu."

Hapo mwezeshaji akapata wazo. Somo la kwanza kabisa katika vitabu vyetu linasema mtoto hawekwi mbele ya watu kama kielelezo. Mwezeshaji analijua, maana ndiye anayelifundisha. Simenti analijua. Mimi ninalijua, hata mpishi analijua. Siku ile tulilisahau wote kwa pamoja, kwa sababu ya fahari. Kiroboto akaitwa aje asalimie wageni.

Aliingia na gauni lake jipya, nywele zimechanwa, ngozi inang'aa kwa kuoga. Akaamkia upande wa kulia, akaamkia upande wa kushoto. Watu wakaguna kwa kupendezwa. Mwezeshaji akapiga goti mbele yake ili walingane macho, kama tulivyofundishwa.

"Mama amekufundisha nini mpaka umekuwa mtoto mzuri namna hii?"

Mtoto alimtazama Simenti kwanza, kama anayeomba ruhusa. Simenti akamwitikia kwa kichwa, anatabasamu.

"Kutomgusa," mtoto akasema.

Mlezi mmoja mgeni akacheka kidogo, akidhani ni mchezo. Mwezeshaji akauliza, "Kutomgusa nani?"

"Mama. Nikimgusa mwili wake unakataa. Alisema siku ile nina homa, mlipokaa hapa. Kwa hiyo simshiki tena. Na ninaoga sana, ili mwili wake ukubali." Alisema kwa sauti safi ya mtoto anayesoma shairi la shule. Kisha akamgeukia Simenti. "Sasa sihamishwi, si ndiyo, mama?"

Nimewahi kuona aibu maishani. Nimewahi kuanguka mbele ya wakwe. Hii haikuwa ya aina hiyo. Hii ilianzia miguuni, ikapanda polepole, na nilipotaka kuinamisha uso nikaona na sakafu nayo haifai kutazamwa. Mwezeshaji alibaki na goti lake chini, mdomo umefunguka. Mtoto alikuwa anatutazama mmoja mmoja, ametulia, anangoja kusifiwa.

Simenti aliinuka. Alitembea mpaka karibu na mtoto, akapiga magoti, akafungua mikono yote miwili.

Mtoto akaweka mikono nyuma. Akatikisa kichwa huku akitabasamu, tabasamu la mtu anayejua jibu la swali la mtego. Alidhani anajaribiwa mbele ya wageni.

Mafunzo yalivunjika pale pale. Wageni walikusanya mikoba yao kimya kimya, kama watu wanaotoka matangani. Mimi nilimchukua mtoto nje, nikampa kazi ya kunishikia vibanio, na alinishikia vizuri, akinipa kimoja kimoja kwa ncha ya vidole ili visigusane na vyangu. Yaani hata kwangu alikuwa ameanza kujihadhari.

Kesho yake msimamizi alituita ofisini kwake sisi watatu: Simenti, mwezeshaji na mimi. Swali lilikuwa lile lile moja, mtoto akae au ahame. Mwezeshaji alikuwa na macho mekundu. Alisema labda mtoto anahitaji kuanza upya mahali pengine, mahali ambapo hakusikia maneno yale, na akaongeza kwamba kosa la mlango ni lake, yeye ndiye mwenye kikao. Simenti alikuwa anatazama magoti yake.

"Akihamishwa," akasema, "atajua kwamba nilisema kweli."

"Na ulisema kweli?" msimamizi akamuuliza. Hakuwa anamchoma, alitaka kujua.

"Siku ile, ndiyo."

Msimamizi akaamua mtoto aulizwe. Akaletwa. Akaulizwa kwa upole angependa kukaa nyumba gani. Alimtazama Simenti usoni kwa muda, akasoma, akakosa. Akamtazama msimamizi, akakosa. Akanitazama mimi, nami nikageuza uso kwa kuwa sikuweza kumtazama. Mwishowe akauliza, "Mnataka nisemeje?"

Msimamizi akasema atabaki kwa mama yake, na mtoto akasema asante.

Tulitoka, tukasimama kwenye kamba zetu ingawa hapakuwa na nguo. Nilitaka kumpa Simenti moyo. Nikamwambia alichosema kikaoni mtu yeyote angeweza kukisema, kwamba sote tuna mtoto mmoja tunayemuombea usingizi. Nikamwambia hakujua mtoto yuko macho. Akanikatisha.

"Si hilo. Hilo nimeshalimeza." Alishika kamba kwa mikono miwili. "Muda wote huu yule mtoto hajanigusa hata mara moja. Hata kidole. Mimi, ninayewafundisha ninyi namna ya kushika mtoto, sikugundua. Unajua kwa nini sikugundua?"

Sikutaka kujua.

"Kwa sababu nilikuwa nimepumzika."

Nilifikiria nyumba yangu, na mtoto wangu mmoja mtulivu ambaye nimekuwa nikimsifu kwa kila mtu kwamba hana shida yoyote. Nilijiuliza lini alinishika mara ya mwisho. Sikukumbuka.

Simenti aliniomba nikale nao jioni ile. Hakusema anaogopa, mtu wa namna ile hasemi, lakini alisema ameongeza chakula kwa bahati mbaya, na Simenti hajawahi kukosea kipimo. Nikaenda. Meza yao ni ndefu, ina mabenchi mawili. Watoto wakubwa walikwisha kusikia, wakala wakiwa wameinamia sahani, hata wachokozi. Kiroboto alisimama pale pale anaposimama siku zote, karibu na mlango, mikono nyuma, akingoja wengine wakae.

"Njoo, mwanangu," Simenti akamwita. "Leo kaa karibu na mimi."

Mtoto akaja. Akasimama kwenye kichwa cha benchi, akalitazama lile benchi kama anayelipima, akauliza kwa heshima, "Mpaka wapi, mama?"

Simenti akapapasa benchi kando yake. Mtoto alikaa, lakini akaacha pengo la kutosha mtu mzima. Basi Simenti akasogea yeye, kidogo tu, bila kumgusa.

Mtoto akasogea pia. Alisogea upande wa pili, upesi na kwa adabu, mpaka akawa amekalia ncha ya benchi kwa paja moja, mguu mmoja umekanyaga sakafu ili asianguke.

"Umepata nafasi sasa, mama?"

Simenti akasema amepata, asante. Mimi niliinamia sahani yangu.